Aliyeimba kwa Pumzi ya Murman

Siku Pikria alipomsikia marehemu mumewe akiimba, alikuwa zizini anakamua ng'ombe.

Viazi vilikuwa vimekwisha kuchimbwa na theluji ya kwanza imeshatua vileleni. Sauti ilitoka nyumba kuu, ng'ambo ya ua. Ilianza chini, ikapanda taratibu, na ilipofika mstari wa tatu ikakatika kidogo, kama mtu aliyejikwaa gizani, kisha ikaendelea na safari yake. Mkono wa Pikria ukaganda kwenye chuchu ya ng'ombe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekatika pale. Ni Murman tu. Na Murman alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa, tangu theluji ilipoporomoka kwenye barabara ya bondeni ikamfukia yeye na lori lake.

Alitoka mbio, ndoo ya maziwa ikapinduka nyuma yake. Aliposukuma mlango wa nyumba kuu alimkuta baba mkwe wake, mzee Jansug, ameketi kando ya jiko la kuni, macho ameyafumba, machozi yanamchuruzika hadi kwenye masharubu. Mbele yake alisimama yule seremala mgeni aliyekuja kuezeka upya paa la kanisa, kijana mrefu kutoka Lechkhumi, nchi ya chini, kofia mkononi kama mwanafunzi.

"Rudia," mzee alikuwa akisema. "Pale pa tatu kata pumzi zaidi. Zaidi, mwanangu."

Huyo ndiye aliyekuwa Besik.

Kundi la waimbaji la kijiji chetu, Kvanari, halikuwa kundi la kupamba harusi za mjini. Wao waliimba kama mababu walivyoimba, bila kuongeza wala kupunguza, nyimbo za kale ambazo nyingine hata maana ya maneno yake imeshapotea. Hazikuandikwa popote. Zilitoka kinywani mwa mzee zikaingia sikioni mwa kijana. Mzee Jansug aliwaongoza kwa ukali wa baba. Lakini tangu Murman afe, kundi lilikuwa bubu, kwa maana Murman ndiye aliyeshika sauti ya kati, na sauti ya kati ndiyo inayotangulia njia. Bila hiyo, sauti ya juu haina pa kushikilia, na besi inabaki kunguruma peke yake kama mto usiku. Pikria mwenyewe, aliyekuwa akishika sauti ya juu, hakufungua tena kinywa chake kwa wimbo.

Kisha akaja huyu seremala, anapiga misumari huku anaimba, na mzee akamsikia.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda polepole, jinsi theluji inavyojaa uani ukiwa umelala. Mama mkwe, Makvala, alimpa Besik koti la Murman, kwa sababu ya baridi tu, alisema. Baadaye akampa kofia ya Murman. Baadaye akaanza kupika vile alivyopenda Murman, chumvi nyingi na pilipili kidogo, bila kumuuliza mgeni anapendaje. Siku moja, akimkaribisha chakula, alimwita "Murman". Besik akaitika. Mezani hakuna aliyecheka.

Na Pikria? Pikria alianza kutafuta sababu za kupita karibu na kanisa. Alipeleka mkate ambao hakuna aliyeuagiza. Besik alipoteremka ngazi, vumbi la mbao kwenye nyusi, na kumtazama kwa yale macho yake ya kahawia yasiyo na haraka, Pikria hakuyakwepa. Vidole vyao viligusana juu ya mkate na hakuna aliyeviondoa upesi. Alipomwambia, kandokando ya kisima, "Pikria, nataka nikuoe," damu ilimpanda usoni kama msichana. Hata hivyo alimjibu, "Ngoja siku za roho zipite."

Maana huku kwetu milimani, katikati ya Januari, wafu hurudi nyumbani. Tunazifagia nyumba, tunawasha moto mkubwa, tunaandaa meza. Machweo yakifika mwenye nyumba anafungua mlango na kuwaita waliokufa kwa majina yao, nao wanakaa siku kadhaa, tunawasimulia hadithi na kuwaimbia, hadi siku ya kuwasindikiza. Siku hizo hakuna kelele wala maneno makali. Na jioni ile ya kwanza, ya kuwaita, kila ukoo hujifungia na wafu wake. Mgeni haingii.

Asubuhi ya siku hiyo Pikria alikwenda dukani kununua mishumaa. Alipotoka, mwanamke mnene aliyejifunga shawli jeusi alikuwa amesimama katikati ya njia, pumzi zinamtoka kama moshi. Basi dogo la bondeni lilikuwa ndiyo kwanza linageuza.

"Wewe ndiye Pikria?"

"Ndimi. Ushindi kwako, mama," alisema Pikria, kwa salamu ya kwetu. "Karibu Kvanari."

"Usiniite mama. Kuitwa mama na wewe ndiko kulikonipandisha huku juu, na magoti yangu haya." Mwanamke alimkagua toka kitambaa cha kichwa hadi buti. "Mimi ni Tsiala. Mama yake Besik."

Pikria aliipakata vizuri mishumaa yake. "Karibu nyumbani upashe moto, basi. Barabara ni mbaya."

"Nyumbani kwako? Leo? Mimi si maiti, binti, sijaitwa." Tsiala alisogea karibu. Sauti yake ilishuka, na ikawa mbaya zaidi ilipokuwa ya chini. "Mwanangu alinipigia simu juzi. Akasema, 'Mama, mbona unakohoa, umekunywa dawa?' Nikakata simu. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Sikuitambua sauti. Mimi! Niliyemzaa, niliyemlea bila baba. Nikadhani kuna mtu kamuibia simu. Akapiga tena, akalia, 'Mama, ni mimi.' Nikamwambia, kama ni wewe, sema jina la mbwa tuliyekuwa naye ulipokuwa mdogo. Mpaka aliposema jina la mbwa ndipo nikaamini kwamba ni mwanangu."

Pikria alitazama chini. Theluji kati ya buti zao ilikuwa chafu, imekanyagwa na wengi.

"Sikukatai kwa sababu ya ujane wako," Tsiala aliendelea. "Hata mimi ni mjane. Mjane ana haki ya kula mkate mara ya pili. Lakini ninyi hamuoi wala hamuozi. Ninyi mnamvalisha. Koti la marehemu, kofia ya marehemu. Kilichobaki ni kitanda."

"Sijamgusa mwanao."

"Sikusema umemgusa. Nimesema mnamsubiri alijaze koti la marehemu." Akafuta pua kwa ncha ya shawli. "Na leo, ameniambia mwenyewe, wamemwalika mezani. Kwetu pia kuna wafu, wala si wachache. Lakini hatuwaiti kwa kuazima watoto wa watu!"

"Nani amemwalika?"

Tsiala alimtazama, na kwa mara ya kwanza hasira ikapungua usoni mwake. "Hukujua?"

"Hapana."

"Basi kazi unayo." Akamshika mkono, kwa nguvu, kama anayemshika mtu ukingoni mwa jabali. "Nipe mwanangu, binti. Au umchukue, kama kweli ni yeye unayemtaka. Lakini usinichukulie yeye ukampa marehemu. Mimi nitakuwa kwa mwalimu, pale Besik alipopanga chumba. Kesho basi linashuka na nitakuwa ndani. Natumaini sitakuwa peke yangu."

Pikria alimkuta Besik ndani ya kanisa, amepiga magoti, anakusanya vifaa vyake. Kazi ya paa ilikuwa imekwisha. Mwanga uliingia kwa dirisha moja jembamba na kuangukia watakatifu ukutani, ambao nusu ya nyuso zao imeliwa na unyevu.

"Umemwona mama. Alisema atapanda na basi la leo," alisema Besik bila kugeuka. "Naona kwa jinsi ulivyofunga mlango."

"Mama mkwe wangu amekualika leo jioni?"

"Kwa mikono miwili. Alinibusu bega."

"Na ukakubali."

"Ningemkatalia vipi? Nilidhani..." Akasimama, akatabasamu kwa haya. "Nilidhani ndiyo njia ya kunikubali. Siku ya ukoo, nami naitwa ndani."

"Atakuketisha wapi, Besik?"

"Mezani."

"Wapi mezani?"

Besik alichezea ncha ya patasi yake. Naye Pikria alijua kwamba Besik anakijua kiti chenyewe.

"Nami nikuulize," Besik akasema hatimaye. "Ukinitazama unamwona nani?"

"Nikikutazama nakuona wewe."

"Usinipe jibu la kunibembeleza."

"Nakuona wewe. Nyusi zako, makovu ya patasi mikononi mwako. Unavyomega mkate ukampa kuku wa mwalimu kwanza. Ni ukifungua kinywa kuimba. Hapo unaondoka. Anakuja yeye."

"Kwa hiyo nisiimbe? Niambie! Nikiacha, yule mzee atakufa, umeona mwenyewe, amerudi kutembea wima. Kundi litakufa naye. Nikiimba, wewe unanitazama kama mtu anayetazama kaburi likifunguka. Nimejifunza kila kitu alichotaka. Kila mpando, kila mshuko. Ile pale pa tatu, ya kukata pumzi, imenichukua miezi. Nilikuwa naota nakata pumzi!"

Pikria aliketi kwenye ngazi yake.

"Ile si wimbo," alisema.

"Ipi?"

"Pale pa tatu. Murman alipokuwa mtoto alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika ubavu, na haukuunga vizuri. Alikuwa hawezi kumaliza mstari ule kwa pumzi moja. Ukimchoma, anakata. Usiku, akilala ubavu huo, alikuwa anakata vilevile. Nilikuwa nikisikia."

Nje maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vipande vya barafu.

"Mzee aliniambia ndivyo mababu walivyoimba," Besik alisema polepole.

"Mababu hawakuanguka kwenye farasi."

Aligeukia ukuta. Mabega yake yalianza kutikisika, na Pikria alidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata chembe.

"Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikijifunza maumivu ya mtu! Nimekwenda shule ya ubavu!" Kicheko kikakatika ghafla. "Na wewe ulijua. Tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Angeweza kusema alimwonea mzee huruma, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini yule mwanamke wa shawli jeusi alikuwa bado ameushika mkono wake. Vidole alivisikia hadi sasa.

"Kwa sababu nilitaka kuisikia tena," alisema. "Nilikuwa nikisimama nyuma ya mlango wa zizi, naisubiri. Kwa pumzi ile moja, mume wangu alikuwa hai. Kisha wimbo unakwisha, unatoka wewe, unanichekea, nami nakupenda, na nakuchukia kwa kuwa si yeye. Hivyo kila siku, Besik. Nimechoka."

Besik alivua koti. Alilikunja vizuri, mikono ndani, jinsi mtu anavyokunja nguo ya kuazima, akaweka kofia juu yake, akampakatisha.

"Mrudishie mwenyewe."

"Utaganda kwa baridi."

"Nitaganda nikiwa mimi."

Akatoka. Alama za buti zake zilikata uwanja wa theluji moja kwa moja, na hakugeuka nyuma.

Makvala alikuwa akipaka mayai juu ya mikate ya nyama, kubdari, Pikria alipoingia na koti. Bi mkubwa aliliona, mkono ukabaki hewani.

"Amekataa kuja?"

"Sijui, mama."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kuhusu ubavu."

Makvala aliweka brashi chini. Hakupaza sauti, siku ile haikuruhusu. "Nife badala yako, mwanangu, kwa nini umenifanyia hivi? Jioni moja tu. Nilitaka jioni moja mlango ufunguliwe na mtu aingie. Mwaka jana tuliita, tukaita. Ulimwona aliyeingia? Upepo. Uliingia upepo ukazima mishumaa yangu."

Pikria alimkumbatia, na yule mama alikuwa mwepesi mikononi mwake, mifupa kama ya ndege. Hawakulia. Waliandaa meza pamoja: viazi vilivyopondwa na jibini, maharage, asali, araki kwenye vikombe vidogo. Kiti cha Murman, cha pili kutoka kwa mzee, Makvala alikisogeza nje kidogo, kama kwa mtu anayetarajiwa hasa.

Jua liliposhuka nyuma ya mlima, mzee Jansug alivaa kofia yake ya manyoya, akashika mshumaa, akafungua mlango wazi. Baridi iliingia kama mnyama.

"Baba yangu Bimurza, karibu nyumbani. Mama yangu Babuli, karibu. Ndugu yangu Islam, uliyeanguka jabalini, karibu, moto upo." Aliukinga mshumaa kwa kiganja. "Murman. Mwanangu. Njoo nyumbani."

Theluji ikalia nje: kruu, kruu. Hatua za mtu.

Makvala alitoa sauti ambayo Pikria hakuwahi kuisikia ikitoka kwa binadamu. Hatua zilivuka ua. Kisha kwenye mwanga wa mlango alisimama Besik, kichwa wazi, ndani ya kijikoti chake chembamba cha kazi, chembe za theluji kwenye nywele, midomo imegeuka rangi kwa baridi.

"Ushindi kwa nyumba hii," alisema.

Kabla mzee hajajibu, Makvala alikuwa ameshamshika mkono. Alimvuta kupita moto, kupita benchi la wanawake, hadi kwenye kile kiti. "Keti, mwanangu, keti. Chakula kinapoa. Keti hapa."

"Mama," Pikria alisema, "hapo pana mtu."

Makvala akageuka. "Ndiyo. Na ndiye huyu."

"Baba amemwita Murman sasa hivi. Sote tumesikia. Kama amekuja, na akakuta kiti chake kimekaliwa, aende wapi? Asimame mlangoni? Nyumbani kwake?"

Ilikuwa kweli, kwa sheria zetu wenyewe. Mkono wa Makvala ulilegea.

"Nitasimama," alisema Besik kwa upole. "Sijachoka."

Mzee Jansug alifunga mlango. Alikwenda kukaa mahali pake, akaweka mikono miwili juu ya meza. Alionekana hajasikia lolote la viti. "Wamefika," alisema. "Imba, mwanangu. Wanasubiri. Kama nilivyokufundisha."

Besik alimtazama Pikria mara moja. Yeye hakutikisa kichwa, wala kukubali wala kukataa. Uamuzi huo ulikuwa wa Besik mwenyewe.

Akaanza. Ilikuwa sauti ileile, mzee aliijenga vizuri, na nywele za shingoni mwa Pikria zilisimama kama siku ile ya kwanza. Besi ya mzee iliingia chini yake. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Makvala alikuwa ameshika ukingo wa meza, macho yake kwenye kinywa cha yule kijana kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji. Mstari wa tatu ukapanda, ukapanda, ukafika pale.

Besik hakukata.

Sauti ilipita moja kwa moja, nzima, pana kuliko walivyowahi kuisikia, na ndani yake kukatokea mtu mwingine, mwenye kifua kizima, mtu wa nchi ya chini, anayetetemeka kwa baridi na hofu. Na hapohapo, upande wa kile kiti kitupu, Pikria alisikia pumzi ikikatwa. Ndogo. Karibu kabisa na bega lake. Ile aliyoisikia usiku baada ya usiku kwenye mto wake wa kulalia.

Hakugeuza shingo.

Mzee Jansug aliacha kuimba. Besi ilikatika kama ubao uliovunjika, na sauti ya Besik ikabaki peke yake hewani, bila kitu chini yake, ikaanza kuyumba. Wimbo wa kuwakaribisha wafu haukatizwi. Hakuna aliyewahi kuthubutu. Nyumba nzima ilihisi hatari hiyo, hata moto ulionekana kuinama.

Pikria akafungua kinywa. Mwaka na zaidi hakuimba, na sauti ya kwanza ilitoka na kutu, ikakwaruza, kisha ikasafika ikapaa juu ya sauti ya Besik na kuishika mkono. Akaimba akimtazama, yeye, nyusi zake, midomo yake iliyopauka. Machozi yalimtoka na hayakuizuia sauti. Besik alishusha pumzi, akaendelea mbele, naye akamfuata kila alipokwenda, na alikwenda kusikokuwa na alama za mtu mwingine.

Kisha kutoka mwisho wa meza ikaja besi. Haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya Makvala, ya mwanamke, ya chini sana, imara kama jiwe la msingi. Aliimba amefumba macho, mikono imeachia meza. Watatu wakaubeba wimbo hadi mwisho wake.

Wimbo ulipokwisha, mzee Jansug alizungumza kwanza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Sivyo alivyoimba mwanangu."

"Mwanao amekufa, Jansug," alisema Makvala.

Nyumba ile ilikuwa haijawahi kulisikia neno hilo. Walisema ametutoka, walisema hayupo, majirani walisema apumzike. Sasa lilikuwa limesemwa, mbele ya wafu wenyewe, na paa halikuanguka. Makvala alizunguka meza, akasimama nyuma ya mumewe, akamkumbatia kichwa na kofia yake pamoja, akakikandamiza kifuani. Mzee alilia kwa mngurumo, kama alivyoimba maisha yake yote, toka chini kabisa. Alilia kwa muda mrefu. Hakuna aliyemkataza.

Alipomaliza alifuta masharubu kwa kiganja, akamwinulia Besik macho mekundu, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza kaingia.

"Basi huyu ni nani?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe," Makvala akajibu.

"Mimi ni Besik," alisema yule kijana. "Mwana wa Tsiala na marehemu Valiko, wa Lechkhumi. Seremala. Mzee, umenifundisha kuliko baba angenifundisha, na nitaimba na wewe mpaka unifukuze, lakini kwa kifua changu. Na nimekuja..." Akamtazama Pikria, na masikio yake yakaiva mekundu. "Nimekuja kumposa mkweo."

Kuni zilipasuka jikoni. Mzee aliitazama meza, kiti baada ya kiti, vile vitupu na vile vyenye watu, polepole, kama mtu anayeomba ushauri.

"Leo?" alisema. "Huna adabu, kijana. Posa huletwa mchana, na mkubwa wako akiwa mbele, na chupa mkononi. Njoo kesho, kama watu wanavyokuja." Akavuta sahani ya kubdari, akakata kipande kikubwa, akakifunga kwa kitambaa na kumpa. "Mpelekee mama yako, usiku huu asilale na njaa kijijini kwangu. Sasa nenda. Leo tuna wageni."

Pikria alimsindikiza hadi kizingitini. Nje theluji ilikuwa imeacha kuanguka. Walisimama bila kugusana, mkate ule wa moto kati yao.

"Mama atakuja na mimi kesho," Besik alinong'ona. "Atakutukana. Atasema wewe mwembamba, na kwamba huku juu hakuna hata mzabibu mmoja."

"Mwache atukane," alisema Pikria. "Mwambie nitakuwa nimepika. Wewe unapenda pilipili?"

"Nyingi," alisema Besik.